Kigoda cha Nane

Bi Sikudhani alipoingia nchi ya Ujazo hakuwa na hamu ya kujifunza chochote. Watu husafiri kutafuta elimu, au mali, au mchumba. Yeye alisafiri ili asikae kwake. Alikuwa amestaafu ualimu, amemzika mume, na nyumbani kila mgeni aliyebisha hodi alikuwa na swali lile lile kwa binti yake Mwanahawa: mtoto wa pili lini? Shangazi aliuliza, jirani aliuliza, na hata wazee wa dini waliokuja kumwombea marehemu waliuliza huku wakinawa mikono. Mwanahawa alicheka, akajibu kwa adabu, kisha akaenda jikoni kulia. Bi Sikudhani alichoka kukisikia kicheko kile. Akafunga begi lake akaondoka, na jinsi alivyofika Ujazo hakuna haja ya kuisimulia, maana mtu akichoka sawasawa hufika popote.

Nyumba ya kwanza aliyoikuta ilikuwa ya Faki, mfyatua matofali, na mkewe Mashavu. Walimkaribisha bila kumwuliza jina. Ndani watoto saba walikuwa wamezunguka sinia la wali na maharage, kila mmoja juu ya kigoda chake, kuanzia msichana mkubwa mwenye nywele za mabutu hadi kitoto kilichokuwa kikipakaa chakula masikioni. Faki alikuwa akila amesimama kando ya dirisha, sahani mkononi. Mashavu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita hivi, ila ungeambiwa ni hamsini usingebisha. Alikuwa ameanza kusema, "Subiri mama, nikutandikie mkeka," lakini miguu ya Bi Sikudhani ilikuwa imevimba, na karibu na mlango palikuwa na kigoda kitupu. Akakaa.

Watoto wakaacha kutafuna. Mkono wa Faki ukabaki hewani na tonge lake.

"Mama," Faki alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa, "hapo pana mtu."

Bi Sikudhani akageuka kutazama nyuma yake. "Nani?"

"Bado hajaja."

Mashavu akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Mgeni alidhani analia, kumbe alikuwa akicheka, kicheko chembamba cha mtu aliyesahau namna ya kukitoa. Kisha akanyamaza ghafla, akamwangalia mumewe, na wote wawili wakatazama mlango kana kwamba kuna mtu angeingia wakati wowote kuwafunga.

Asubuhi ndipo Bi Sikudhani alipoelezwa, na aliyemweleza ni Bi Mize, mkunga wa mtaa, aliyekuja mbio baada ya habari kumfikia. Katika Ujazo watu humwabudu Mpaji, na mambo ya Mpaji yako mikononi mwa Wateule, wanaume wanaoishi hekaluni juu ya kilima. Wateule hawaoi, hawazai, wala hawapiki, chakula hupelekewa. Siku ya harusi Mteule mmoja hutumbukiza mkono katika kapu la njugu mawe, na njugu atakazozitoa ndizo idadi ya watoto ambao Mpaji ameiandikia nyumba ile. Seremala wa hekalu huleta vigoda kwa idadi hiyo jioni ile ile, kabla hata bibi harusi hajavua ushungi.

Tangu hapo vigoda vitupu huwa watu wa nyumbani. Hufutwa vumbi, huamkiwa, huwekewa kijiko cha chakula kila jioni. Hakuna anayevikalia. Mtoto akizaliwa, kimoja hujaa. Mtoto akifa, kigoda chake huhesabiwa kitupu tena, na mama hutakiwa kuanza upya, tena bila kukawia, kwa sababu huzuni inayochelewesha kazi ya Mpaji ni kiburi. Na atakayezaliwa baada ya vigoda kwisha hana pa kukaa. Hao huitwa wasimamao, nao hula kwa miguu katika nyumba ya baba yao mpaka watakapooa au kuolewa. Faki alikuwa mmoja wao. Alipooa alipewa kigoda cha mwenye nyumba, akajaribu kukikalia siku chache, akakuta chakula hakishuki.

"Kwa hiyo akina mama wa hapa," Bi Sikudhani aliuliza, "huombea nini siku ya harusi?"

"Mteule mwenye mkono mdogo," Bi Mize akajibu. "Alikuwapo mmoja. Watu waliandaa harusi kwa kumngoja yeye. Basi kila nyumba ikamlisha vizuri ili asisahau ahadi, akanenepa, na mkono wake nao ukanenepa."

Mashavu aliozeshwa na Mteule Ngwali, ambaye mkono wake ulijulikana nchi nzima. Zilitoka njugu nane. Katika miaka kumi na minane Mashavu alibeba mimba tisa, akazika watoto wawili, akabaki na saba. Uzazi wa mwisho alitoka damu mpaka shuka zikaisha nyumbani, wakaazima za jirani. Bi Mize hakuzunguka. Alisema wa nane akija, watamlea bila mama, kama yeye mwenyewe atapona.

"Na hukuwaambia hao Wateule?"

"Niliwaambia, mwenzangu. Wakaniambia nitumie lugha ya staha. Nikaitumia. Wakasema hawakunielewa."

Tena muda ulikuwa umebanwa. Sikukuu ya Kujaa ilikuwa imekaribia, siku ambayo Wateule hupita nyumba kwa nyumba kuangalia vigoda. Mteule Ngwali alikuwa ameshatoa onyo: kigoda cha nane kikionekana kitupu na tumbo la Mashavu likiwa bapa, Faki ataozwa mke mwingine, na Mashavu ataondolewa, aende kutwanga nafaka nyuma ya hekalu pamoja na wanawake wanaoitwa wapungufu. Watoto wake saba watabaki na mama mpya. Hivyo Mashavu alikuwa na njia mbili tu, kaburi au kinu, na kila alipowasuka wanawe nywele alikuwa akipiga moyo konde aamue ipi.

Wajumbe wa hekalu walifika kabla ya adhuhuri. Mgeni amekalia kigoda cha mtu. Atajieleza kesho mbele ya Baraza.

Jioni ile Bi Sikudhani alipewa mkeka na akala mbali na vigoda vyote. Faki alimletea maji ya kunawa, akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda. "Mama, kesho useme ukweli," alisema. "Useme ulikosea. Watakunyunyizia maji, watakukaripia kidogo, uende zako. Sisi hatukuombi kitu."

Alikuwa mtu mwema na alikuwa amechoka vibaya sana. Kufyatua matofali ya kulisha vinywa saba si mchezo, na hekalu halikuwahi kupeleka hata kibaba cha unga kwa mtoto aliyekwisha kukaa. Kazi yao ilikuwa ni vigoda vitupu, vilivyojaa havikuwahusu.

Mashavu alikuwa akimenya mihogo. Aliuliza, "Huko kwenu una watoto?"

"Ninaye binti. Mmoja."

"Mmoja," Mashavu alirudia, akitulia nalo lile neno mdomoni. "Na huwa anashiba?"

"Anashiba."

"Ukimwita, humkosei jina?"

"Simkosei."

Mashavu akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama vile habari ile ilikuwa imemtosha, akaendelea na mihogo yake. Bi Sikudhani alimwonea huruma, halafu akajikasirikia, kwa sababu alikuwa ameondoka kwake ili asimwonee mtu huruma tena.

Baraza la Wateule lilikaa kwenye ukumbi mrefu wenye ubaridi. Wanawake hawakuruhusiwa kuvuka mstari wa chokaa mlangoni, isipokuwa mshtakiwa. Mteule Mkuu Shaame alikuwa mzee sana, amefumba macho, na wenzake walisema yuko katika tafakuri. Mteule Ngwali ndiye aliyesimama kuongea, mkono wake maarufu ukiwa umetulia juu ya tumbo.

Shauri lilionekana jepesi. Mwanamke mgeni amekaa pasipo pake, asafishwe, afukuzwe. Lakini palikuwa na Mteule mmoja kijana mwenye ndevu chache, aliyekuwa bado anasoma vitabu, naye aliomba sheria yenyewe isomwe kwanza. Ikasomwa. Ilisema hivi: kigoda cha nyumba kikikaliwa na mtu asiye na kigoda kingine wala nyumba ya baba katika nchi, mtu huyo atahesabiwa kuwa mtoto wa nyumba hiyo, na kigoda kitahesabiwa kimejaa.

Wakatazamana.

"Hiyo inamhusu mtoto anayezaliwa," Mteule Ngwali alisema.

"Haikusema kuzaliwa," yule kijana akajibu. "Imesema kukaa."

Ikasomwa tena, mara hii kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba neno lililokosekana lingeshtuka litoke. Halikutoka. Watangulizi walioitunga sheria ile walikuwa watu wa haya nyingi. Walitaka kutawala jambo zima la uzazi tangu mwanzo hadi mwisho, ila waliona aibu kulitaja, kwa hiyo katika kurasa zote hapakuwa na mimba, hapakuwa na uchungu, wala hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na vigoda tu.

Mteule mmoja aliuliza kama inawezekana mtoto kumzidi mama yake umri. Mwingine akajibu kwamba Mpaji hafungwi na kalenda. Wa tatu akataka kujua kama mtoto mwenye mvi atanyonyeshwa, wakajadili hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Hatimaye Mteule Ngwali, aliyekuwa ameanza kutoka jasho, alipendekeza sheria iongezwe neno moja: kwamba mtoto ni yule tu aliyepitia pale watoto wanapopitia.

"Wapi?" akauliza mwandishi wa Baraza, kalamu tayari.

"Kule."

"Niandike kule?"

Mteule Mkuu Shaame akafumbua jicho moja. "Kule wapi?" alisema. "Nyongeza ya sheria husomwa mbele za watu siku ya Sikukuu, na husomwa na aliyeipendekeza. Mteule Ngwali, utasoma kule wapi?"

Mteule Ngwali akakaa. Wengine wakajaribu kumsaidia. Mmoja alipendekeza chumba cha ndani, ikaonekana watu watadhani ni ghala. Mwingine akasema mlango wa mama, wakamkemea kwa kutokuwa na heshima. Jua likapanda, likaanza kushuka, na wanaume ishirini na mmoja waliokuwa wakiamua kila mwaka nani azae na nani asizae hawakumpata hata mmoja wao wa kulitamka neno lenyewe. Bi Sikudhani alikuwa amelifundisha neno hilo katika darasa la saba kwa miaka mingi, ameliandika ubaoni kwa chaki, amewakaripia wavulana waliocheka. Lilikuwa mdomoni mwake, jepesi kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani aliona faida ya mwalimu kunyamaza.

"Basi," Mteule Mkuu alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka chakula cha mchana, "tumwulize yeye. Wewe mgeni, ulikaa kwa kukosea, au ulikuja kukaa? Kama ulikosea, utanyunyiziwa maji, utakwenda, na kigoda kitabaki kilivyokuwa. Kama ulikuja kukaa, wewe ni mtoto wa nyumba ile. Utakula chakula cha jioni juu ya kigoda kile, kila siku, mpaka mama yako atakapofika umri wa kutoulizwa. Jioni moja usipoonekana tutahesabu umekufa, na mama yako ataanza upya. Sema."

Bi Sikudhani hakuwa shujaa, na hakujisikia kuwa shujaa. Alikifikiria kitanda chake chenye godoro la sufi. Alimfikiria Mwanahawa, anayeshiba, anayeitwa bila kukosewa jina, na ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kulia naye jikoni. Mashavu alikuwa na miaka thelathini na sita; umri wa kutoulizwa, yaani wa kukoma uzazi, ulikuwa mbali, na yeye mwenyewe alikuwa na hamsini na tisa. Huenda asingerudi. Alijua hivyo waziwazi, na moyo ulimwuma kama jino bovu.

Akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Mashavu alikuwa amesimama nyuma ya mstari wa chokaa, kitoto cha mwisho kiunoni. Hakuwa akitazama ndani. Alikuwa akikifuta kitoto kamasi kwa ncha ya kanga, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayefanya jambo ambalo huenda hatalifanya tena.

"Nilikuja kukaa," Bi Sikudhani alisema.

Mteule Ngwali aliinuka. "Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani, baba. Nimechelewa kidogo."

Ikaandikwa. Mteule Mkuu akafumba jicho lake, na wengine wakaondoka haraka kwenda kula, maana sinia zilikuwa zimeshapoa.

Kilichofuata kilifuata sheria kwa ukamilifu. Nyumba ilipata mtoto, kwa hiyo mama yake alistahili arobaini yake. Mashavu alikatazwa kuchota maji, kukata kuni, au kuinama. Alilala siku mbili mfululizo, na Bi Mize alikuwa akija kumwekea mkono puani kuhakikisha anapumua. Maji yalichotwa na yule mtoto mchanga, ambaye alipita mtaani na ndoo kichwani akiguna kwa maumivu ya kiuno, na watu wakampisha njia. Siku ya Sikukuu Mteule Ngwali alihubiri juu ya nyumba ya Faki, akasema Mpaji hukijaza hata kigoda kilichokata tamaa. Aliongea vizuri na watu walilia. Baadaye alikula kwa Faki, akatazama vigoda vyote vinane, akaomba maji.

Bi Sikudhani naye alilia, lakini si kwa mahubiri. Alilia jioni ya kwanza, juu ya kigoda kile kifupi kilichomfanya magoti yafike karibu na kidevu. Alikuwa ametuma ujumbe kwa Mwanahawa kupitia mchuuzi wa chumvi: mama yako ni mzima, harudi karibuni, na atakayekuuliza swali lile mwambie amfuate mama yako huku akamwulize yeye. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa kishujaa kuliko aliyeutuma. Mashavu alimsogezea sahani. Mkono wake haukuwa na nguvu bado.

"Kula, mwanangu," alisema, kwa kuwa sheria ilidai hivyo. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kwa kuwa alitaka mwenyewe, "Shikamoo."

Siku zilizofuata wanawake wa mtaa walikuja kumpongeza mzazi, kama ilivyo desturi, kila mmoja na bakuli la uji wa pilipili manga. Walimpa Mashavu mkono, wakakaa uani kwenye mikeka, wakazungumza mambo ya bei ya unga na mvua. Lakini macho yao yalikuwa kwa mtoto, aliyekuwa akianika nguo za ndugu zake kwenye kamba.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Kazija, jirani wa upande wa tanuri la matofali, mimba yake ikiwa imeshuka, karibu kujifungua. Alijifanya anasaidia kuanika. Alishika shati dogo, akalikung'uta mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Samahani, mtoto," alisema, maana kabla ya siku ya kupewa jina hakukuwa na namna nyingine ya kumwita. "Huko unakotoka, wako wengine?"

"Wengine gani?"

"Watu wazima tu. Wajane. Waliostaafu. Waliochoka, hawana pa kwenda." Kazija aliangalia nyuma, akashusha sauti. "Hata wazee wa kiume. Sisi hatuchagui."

Bi Sikudhani alisimama na nguo mbichi mkononi. Aliwakumbuka walimu wenzake wanaoshinda barazani wakingoja mtu wa kuwasalimia. Aliwakumbuka shangazi wote wale wenye maswali.

"Kwako vimebaki vingapi?" aliuliza.

Kazija alinyoosha vidole chini ya kanga. Vilikuwa vinne. Huko uani mazungumzo ya unga na mvua yalikuwa yamekatika, na wanawake walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kutoka kwenye mikeka, wakija kusaidia kuanika.